Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwalimu wa Elimu Mbili

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Tangu msikiti wa Nyamirambo ulipojengwa mwaka 1913, Waislamu wa Kigali waliishi na swali moja zito: mtoto wa Kiislamu akasome wapi? Katika siku za utawala wa Wabelgiji shule za Ruanda-Urundi karibu zote zilikuwa mikononi mwa mapadri, na wazazi wengi walichelea kwamba mtoto akiingia humo kutafuta elimu atatoka hana dini. Waliowazuia watoto wao waliihifadhi dini, lakini milango ya kazi na vyeo ikafungwa. Swali hilo lilikwisha wasumbua Waislamu wa pwani, ambako Uislamu na lugha ya Kiswahili vilitoka kuja Rwanda. Na huko Mombasa alitokea mtu aliyelijibu kwa kalamu na kwa vitendo. Naye ni Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliopata kuitawala Mombasa. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwanawe angali mtoto mdogo. Yatima huyo akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka bahari kwenda Unguja, akapiga magoti mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Wakati huo hapakuwa na alama za mtihani. Mwanafunzi alikisoma kitabu mbele ya mwalimu wake, akaulizwa, akajibu. Na mwalimu hakumruhusu kuendelea mpaka aridhike kuwa amekifahamu.

Sheikh hakutosheka na yale aliyoyapata nyumbani. Alisoma pia maandiko ya wanachuoni wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh na Sayyid Rashid Rida, akaona kwamba unyonge wa Waislamu haukuletwa na dini yao, bali na kuiacha elimu. Mwaka 1930 akatoa gazeti dogo la Kiswahili, As-Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwakemea watu wake bila ya kuwaficha. Aliwalaumu waliotumia mali nyingi katika harusi na matanga na hali watoto wao hawana shule. Akawalaumu pia waliowaiga Wazungu katika mavazi na starehe, wakaacha kuwaiga katika bidii ya kazi na kutafuta elimu. Akahimiza wasichana nao wasomeshwe.

Wala hakuishia kwenye maneno. Aliasisi Mombasa madrasa iliyoitwa Al-Ghazali, akatunga na vitabu vya kuwafundishia watoto dini. Aliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa mtoto anayekariri asichokifahamu hajasoma. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na cheo hicho alikuwa nacho mpaka alipofariki mwaka 1947.

Alimwacha mwanawe Ali, mwenye umri wa miaka 14, ambaye Sheikh alitumaini kumpeleka Al-Azhar. Badala yake kijana akaufanya mtihani wa cheti cha Cambridge, uliotungwa na kusahihishwa Uingereza, ambao waliofaulu walipangwa daraja ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mtoto wa Kadhi Mkuu akapata daraja ya tatu. Chuo cha Makerere hakikumpokea, akaajiriwa kazi ya ukarani katika Chuo cha Ufundi cha Waislamu cha Mombasa.

Kwa hesabu ya karatasi ile, habari yake ilikuwa imekwisha. Lakini elimu aliyoirithi nyumbani haikuwa imepimwa na mtihani ule. Katika sherehe ya Maulidi alisimama akatoa hotuba juu ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na gavana wa Kenya alikuwapo akisikiliza. Hotuba hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya kupelekwa Uingereza kusoma. Alihitimu Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1960 kwa sifa ya juu, akapata shahada ya udaktari Oxford mwaka 1966, akawa profesa na kisha Mkuu wa Kitivo katika Makerere ileile iliyomkataa. Profesa Ali Mazrui alifariki mwaka 2014, akazikwa Mombasa katika makaburi ya wazee wake.

Haimpasi mtu kudhani kwamba mitihani haina maana. Sheikh Al-Amin mwenyewe asingeliridhia uvivu, na mwanawe hakupanda ila kwa kufaulu mitihani iliyo migumu zaidi. Lakini daraja huonyesha mtoto alipofika siku ile, haionyeshi atakapofika. Mzazi anayepokea karatasi ya alama mwisho wa muhula na akute alama duni, asimtupe mtoto wake. Na jamaa yenye shule yake yenyewe iwapime watoto kwa uadilifu, isiwapendelee kwa kuwa ni wake, wala isiwavunje moyo. Shule inayofundisha dini na hesabu katika jengo moja, mtoto akarudi jioni kwa wazazi wake, ndiyo aliyoitamani Sheikh.

Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema, na ajaalie elimu aliyoiacha iwe sadaka yenye kuendelea. Amin.