Joginder Singh: Fundi mzaliwa wa Kericho aliyefufua gari kuukuu na kutwaa Safari Rally

GARI la zamani aina ya kombi likikarabatiwa, likapakwa rangi mpya, likatiwa kitanda na jiko ndani, kisha likaegeshwa kando ya barabara kumsubiri mnunuzi, bei yake huzua ubishi hata kabla ya injini kuwashwa. Mmoja huona chombo kilichokula chumvi nyingi, kinachostahili kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwingine huona kazi ya fundi, naye huwa tayari kuilipia.

Ubishi huo una uzito wa pekee katika ukanda wa majani chai, kuanzia Kericho, Litein na Sotik hadi Bomet na Sigor, ambako matope ya masika na vumbi la kiangazi hufichua upesi gari lililorembwa kwa rangi tu. Isitoshe, kanuni za Kenya haziruhusu magari ya kawaida yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini. Hivyo basi, gari la zamani linalouzwa huku aghalabu limeishi papa hapa, na thamani yake imetokana na mikono iliyolitunza.

Miongoni mwa Wakenya waliothibitisha ukweli huo mbele ya macho ya ulimwengu, wa kwanza kutajwa ni marehemu Joginder Singh Bhachu. Mnamo 1965, fundi huyo mzaliwa wa Kericho alishinda mashindano magumu kuliko yote ya magari barani Afrika. Alifanya hivyo kwa gari kuukuu ambalo kiwanda kilicholiunda kilikuwa kimeliuza baada ya kulitumia.

Mtoto wa Kericho

Joginder alizaliwa mjini Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika familia ya Sikh ambayo asili yake ni jimbo la Punjab. Wakati huo mji huo ulikuwa bado mchanga. Kampuni kubwa za majani chai zilikuwa zimeingia katika miaka ya 1920, na mashamba yalikuwa yakizidi kupanuka juu ya vilima.

Mashamba hayo yalihitaji viwanda, viwanda vikahitaji mitambo, na mitambo ikahitaji mafundi. Seremala, wahunzi, waashi na mafundi wa mitambo wa jamii ya Sikh walipata riziki yao katika kazi hizo, kama walivyokuwa wameipata kwenye reli na karakana zake. Mtoto aliyelelewa katika jamii hiyo alijifunza mapema kwamba chombo kikiharibika hakitupwi, bali hufunguliwa na kutafutiwa dawa.

Alipelekwa kusoma katika shule ya bweni jijini Nairobi. Baada ya masomo hakuelekea ofisini, bali aliingia gereji na kuanzia ngazi ya chini kabisa, ile ya kijana wa kushika spana na kuwapokeza mafundi vifaa. Alihama kutoka gereji moja hadi nyingine, akiongeza ujuzi kila alikopita.

Mnamo 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwa wa kwanza kupewa kazi ya kuzunguka barabarani kuwasaidia madereva waliokwama. Ilikuwa kazi iliyomfaa sana. Mtu anayetengeneza gari ndani ya gereji ana vifaa vyote karibu naye, lakini anayelitengeneza kando ya barabara, mvua ikimnyeshea, hana budi kutumia akili na kile alicho nacho mkononi. Pia alipata kuona kwa macho yake ni kipi huvunjika kwanza katika barabara za nchi hii, na kwa sababu gani.

Mashindano yaliyopima bidhaa

Mashindano ambayo yangempa jina yalikuwa yameanza mwaka 1953, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hapo mwanzo yaliitwa Safari ya Kutawazwa. Mnamo 1960 yalipewa jina la Safari ya Afrika Mashariki.

Katika miaka ya mwanzo magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini, kama ilivyo desturi kwingine, bali kwa bei yake dukani. Yalitakiwa kuwa magari ya kawaida, ya namna ambayo mkulima, mwalimu au mfanyabiashara angeweza kuyanunua. Hivyo mashindano hayo yakawa pia mizani ya soko: mwenye pesa zake alipata kujua ni gari gani lingestahimili barabara za Afrika Mashariki.

Volkswagen ndogo yenye umbo la kobe iling'ara tangu mwaka wa kwanza, na ilishinda tena mnamo 1962. Injini yake ilipozwa kwa hewa, kwa hivyo haikuwa na radieta ya kutobolewa na mawe. Kombi la Volkswagen, lililoanza kuundwa nchini Ujerumani mwaka 1950 na ambalo hadi leo hupendwa na wanaotaka gari la kusafiria na kulala, lilitumia mfumo huo huo wa injini iliyowekwa nyuma.

Joginder alishiriki Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 27. Mwelekezi wake katika miaka iliyofuata alikuwa nduguye, Jaswant. Mnamo 1963 mvua iliharibu barabara kiasi kwamba ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ndugu hao wawili walikuwa miongoni mwa waliomaliza, wakiendesha Fiat 2300.

Gari lililokataliwa

Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Uswidi ilileta timu yake rasmi. Dereva wake mashuhuri alikuwa Tom Trana, ambaye angetwaa ubingwa wa Ulaya mwaka huo huo wa 1964. Hata hivyo Safari haikumwendea vyema, na timu ikarudi kwao bila ushindi.

Gari alilokuwa ameliendesha lilikuwa aina ya PV544, lenye milango miwili na mgongo wa mviringo. Hata kwa macho ya wakati huo lilionekana la kizamani. Chimbuko la umbo lake lilikuwa modeli iliyooneshwa hadharani mwaka 1944, na kiwanda kilikuwa kinakaribia kuacha kuliunda. Ndilo gari ambalo Joginder na Jaswant walilinunua.

Wengi wangeliona kuwa hasara. Lilikuwa limeshapigwa na mashimo na mawe ya Safari. Lakini Joginder alilitazama kwa jicho la fundi. Bati la Volvo hiyo lilikuwa nene na bodi yake imara, nayo injini ya ukubwa wa lita 1.8 ilikuwa na sifa ya kudumu. Kilichochakaa kingeweza kubadilishwa, na kilicholegea kingeweza kukazwa.

Kulifufua gari la namna hiyo si kazi ya siku mbili. Lazima injini ishushwe na kufunguliwa, vipuri vilivyolika vitolewe na giaboksi ikaguliwe. Springi na shokamzoba huhitaji kuimarishwa, nyufa za bodi kuchomelewa, na tumbo la gari kukingwa kwa bamba la chuma ili mawe yasitoboe tangi wala kisahani cha mafuta ya injini. Rangi, ambayo mnunuzi huiona kwanza, ndiyo huja mwisho.

Ndugu hao walilitayarisha gari lao wenyewe. Pasaka ya 1965 ilipowadia, walijipanga pamoja na timu zilizodhaminiwa na viwanda, zenye magari mapya na mafundi waliosambazwa njia nzima. Kwa siku kadhaa, usiku na mchana, walipita milima na mabonde ya Afrika Mashariki. Waliporejea Nairobi walikuwa mbele ya wote, na waliowafuata walikuwa wameachwa mbali.

Ushindi huo ulikuwa wa kwanza kwa dereva mwenye asili ya Kiasia katika Safari. Kiwanda cha Uswidi kilisherehekea sifa iliyoletwa na gari ambalo chenyewe kilikuwa kimeachana nalo. Mnamo Oktoba mwaka huo huo, gari la mwisho la aina ya PV544 lilitoka kiwandani.

Simba wa Kenya

Kenya ilikuwa na chini ya miaka miwili tangu ijipatie uhuru. Swali la nani ni Mkenya lilikuwa likiulizwa bungeni, madukani na majumbani, na Waasia ndio walioulizwa zaidi. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizopitishwa mwaka 1967 ziliwabana wale ambao hawakuwa wamechukua uraia. Kufikia mwanzo wa 1968 maelfu yao walikuwa wakipanda ndege kwenda Uingereza, ambayo nayo mwezi Machi mwaka huo iliharakisha sheria ya kuwazuia.

Katika hali hiyo, umaarufu wa Joginder ulikuwa na maana iliyovuka michezo. Mwanamume mwenye kilemba alishangiliwa na wanavijiji waliojipanga kandokando ya barabara, wasiojali babu yake alitoka wapi. Ughaibuni aliitwa Sikh anayeruka. Nyumbani watu walimpa jina lao wenyewe: Simba wa Kenya. Hakuna sheria iliyolitunga jina hilo, wala hakuna afisa aliyelitia muhuri.

Mwaka huo wa 1968, mvua ilirudia yale ya 1963, na kwa mara nyingine magari saba pekee yalimaliza Safari. Joginder alikuwa tena mmoja wao. Mnamo 1970 alimaliza wa pili akiwa na Datsun.

Ushindi wake wa pili ulikuja mwaka 1974, miaka tisa baada ya ule wa kwanza. Safari hii mwelekezi wake alikuwa David Doig, na gari lao lilikuwa Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya lita 1.6. Mpinzani wao mkuu, Bjorn Waldegard wa Uswidi, aliendesha Porsche 911 yenye nguvu zaidi. Matope na mashimo yaliamua vingine, na gari dogo likashinda. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika Safari.

Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 44, Joginder aliongoza magari ya Mitsubishi kutwaa nafasi zote tatu za mwanzo. Hivyo akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Rekodi hiyo ilikuja kuvunjwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyefikisha ushindi wa tano mwaka 1982.

Hesabu ya fundi

Hata hivyo, takwimu inayomweleza Joginder vizuri zaidi si ile ya ushindi. Kati ya mwaka 1959 na 1980 alishiriki Safari mara 22, na alimaliza mara 19. Katika mashindano ambayo kwa kawaida magari mengi yaliachwa njiani, hiyo ni hesabu ya kustaajabisha.

Siri yake haikuwa kasi peke yake. Dereva aliyewahi kulala chini ya gari akilifungua huisikia sauti ya springi inayotaka kukatika kabla haijakatika. Hujua ni shimo lipi la kurukwa na lipi la kuingiwa polepole, na huelewa kwamba dakika inayopotezwa kwa kulihurumia gari mara nyingi huokoa saa nzima ya kulitengeneza.

Baada ya kustaafu, Safari iliendelea kubadilika. Iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, na ikarejeshwa mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Tangu 2003 kumekuwapo pia Safari ya magari ya zamani, inayowaleta madereva kutoka pembe mbalimbali za dunia wakiwa na magari yaliyofufuliwa kwa gharama kubwa. Magari ya Volvo ya aina ile ya Joginder yamekuwa miongoni mwao.

Joginder Singh aliaga dunia jijini London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Wengi wa wanaonunua na kuuza magari leo hawakupata kumwona akiendesha. Lakini maisha yake yameacha kipimo ambacho mnunuzi wa kombi la zamani, awe Kericho au Sigor, anaweza kukitumia bila kwenda shule ya ufundi: kabla ya kuuliza gari liliundwa mwaka gani, aulize ni nani aliyelifungua, alikuta nini ndani, na alibadilisha nini kabla ya kulipaka rangi.