Leonhard Euler na Nambari 2,147,483,647

Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Babake, mchungaji wa kanisa, alimkusudia kazi ya dini; mwalimu Johann Bernoulli ndiye aliyemshawishi mzee huyo amwachie kijana hisabati. Mwaka 1727 Euler alihamia St Petersburg, Urusi, kuhudumu katika Akademia ya Sayansi.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia kuhusu dai la Mfaransa Pierre de Fermat, aliyeamini kuwa 4,294,967,297 ni nambari tasa, yaani haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. (Jina hilo la Kiswahili lina utata wake: nambari hizi hazina wazazi, lakini kuzaa huzaa, kwani nambari nyingine zote kubwa kuliko moja hutokana na kuzidishwa kwao. Huenda 'yatima' lingefaa zaidi.) Mnamo 1732 Euler alionyesha kuwa nambari ya Fermat ni 641 mara 6,700,417. Hakubahatisha. Njia aliyoieleza baadaye ni kwamba kila kigawo tasa cha nambari hiyo sharti kipite kigawe cha 64 kwa moja. Na 641 ni 64 mara 10, ukiongeza moja.

Jicho lake la kulia liliharibika mwaka 1738. Baada ya miaka 25 mjini Berlin alirejea Urusi mwaka 1766, na mwaka 1771, kufuatia upasuaji wa mtoto wa jicho la kushoto, giza lilimfunika kabisa. Mwaka uo huo nyumba yake iliteketea kwa moto. Mtu mwingine angeweka kalamu chini. Yeye aliendelea kukokotoa kichwani, wanawe na wasaidizi wakimwandikia.

Katika hali hiyo, mwaka 1772, alimwarifu Johann Bernoulli wa Berlin, mjukuu wa mwalimu wake, kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Nambari hiyo ni mbili yenye kipeo cha 31, ukitoa moja, na padre Marin Mersenne alikuwa ameiorodhesha kuwa tasa mwaka 1644 bila ya kuithibitisha. Euler alitambua kwamba vigawo vyake, kama vipo, vikigawanywa kwa 248 vitaacha salio la 1 au 63. Kwa vile hapakuwa na haja ya kupita 46,340, vilivyostahili kupimwa havikufika 400. Hakuna hata kimoja kilichoigawa.

Kutokana nayo ilipatikana nambari kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe: 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliitabiri kuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana. Euler alikuwa amefariki St Petersburg tarehe 18 Septemba 1783. Nambari yake tasa ilibaki kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi mwaka 1867, Mfaransa Fortuné Landry alipopata 3,203,431,780,337. Na mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha nyingine yenye tarakimu 39, ambayo nayo ilizaa nambari kamilifu kubwa kuliko ile ya Barlow.