David Bruce, daktari aliyemfuata mbung'o hadi Entebbe

Machi 1903, daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliwasili Entebbe pamoja na mkewe, Mary. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza watu wa mwambao wa Ziwa Victoria, hasa Busoga na Buganda. Katika miaka michache, waliokufa walikadiriwa kuzidi 200,000.

Bruce hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, akasomea udaktari Edinburgh, na mwaka 1887 akiwa Malta aligundua bakteria wa homa iliyowasumbua askari, ambao leo huitwa Brucella. Mwaka 1894 alipelekwa Ubombo, Zululand, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa nagana, ugonjwa ambao wafugaji wengi wa Tanzania wanauita ndorobo. Aliwashusha wanyama wazima kwenye bonde lenye mbung'o bila kuwaruhusu kula majani wala kunywa maji ya huko, lakini wakaugua. Kisha akawapandisha mbung'o mlimani wawaume wanyama ambao hawakuwahi kushuka. Nao wakaugua. Wanyamapori kama nyati walikuwa na kimelea kilekile katika damu, ingawa walionekana wazima. Kimelea hicho kikapewa jina lake, Trypanosoma brucei.

Entebbe alimkuta Mwitaliano, Aldo Castellani, ambaye tayari alikuwa ameona vimelea vya namna hiyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Wawili hao waligombea sifa kwa miaka, na haki ni kusema Castellani ndiye aliyeona kwanza. Sifa ya Bruce ni mbung'o. Kwa msaada wa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, inzi walikusanywa pande zote na kuwekwa kwenye ramani: penye malale palikuwa na mbung'o. Kuanzia 1906 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa mwambao. Vifo vilipungua, lakini wavuvi na wakulima walipoteza makazi yao.

Kilichomshinda alikutana nacho Nyasaland, Malawi ya leo, kati ya 1911 na 1914. Huko malale yaliua kwa miezi, si kwa miaka. Bruce alipima damu ya wanyamapori, akaona kimelea cha wagonjwa hakitofautiani na cha nagana, akatangaza kuwa ni kimoja, na akapendekeza wanyamapori waangamizwe penye mbung'o. Daktari Mjerumani, Max Taute, alimpinga kwa mwili wake mwenyewe: alijidunga damu ya mnyama mwenye nagana, asiugue.

Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Damu ya binadamu huua kimelea cha kawaida cha nagana. Kile cha malale makali, kiitwacho rhodesiense, ni ndugu yake wa karibu mno, ila kina kinasaba cha SRA kinachokiwezesha kuishi ndani ya damu hiyo, jambo lililoelezwa na watafiti mwaka 1998. Aina ya tatu, gambiense, ya malale ya polepole, hujikinga kwa njia nyingine. Chini ya hadubini zote hufanana, hivyo Bruce asingeweza kuzitofautisha hata angetazama maisha yake yote.

Alifariki London Novemba 27, 1931, siku ya mazishi ya Mary, msaidizi wake wa maabara tangu Malta.

Mwishoni mwa 1998 malale ya rhodesiense yaliibuka Soroti, mashariki mwa Uganda, ambako hayakuwa yakijulikana. Watafiti waliyafuatilia hadi mnadani, kwa ng'ombe walioletwa kutoka wilaya zenye ugonjwa. Hofu ilikuwa kubwa kwa sababu Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale, na wakati huo dawa zake zilitofautiana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kuwa gambiense si tishio tena kwa afya ya umma nchini humo. Uthibitisho huo haukuigusa rhodesiense, ambayo ng'ombe huibeba bila dalili mpaka mnadani.