TAFAKARI YA LEO: Mirambo na kilichobaki



Leo tumtazame Mtemi Mirambo. Alianza na utemi mdogo wa Uyowa. Akakusanya vijana, wale rugaruga, akaziweka temi nyingi za Unyamwezi chini ya mkono wake, makao yakawa Urambo. Mwaka 1871 akaifunga njia ya misafara ya Tabora kwenda Ujiji. Pembe za ndovu zikakwama. Waarabu wa hapa hapa Tabora wakapigana naye miaka kadhaa, wasimshinde.

Desemba 1884 akafariki. Haikupita hata miaka kumi, dola yote ikasambaratika. Kwa nini? Watu walikuwa wameshikamana na yeye mwenyewe. Alipoondoka, hakuna kilichowashika.

Sasa tujiulize jamani: hizi swala zetu za jamaa, hizi sadaka, zimeshikwa na nini? Kama ni mwezi tu, basi mwezi ukiandama wa Shawwal nazo zinaondoka, msikiti unabaki na safu moja.

Chagua jambo moja dogo leo, ambalo utaliweza hata baada ya Idi. Ulianze usiku huu.

Allah atutakabalie. Futari njema.