Bertrand Russell: Swali la orodha lililovunja kitabu, leo linalinda programu za kompyuta

Je, orodha inaweza kujiorodhesha yenyewe? Linasikika kama swali la mtoto, lakini mwaka 1901 lilimkwamisha Bertrand Russell, mmoja wa wanafalsafa maarufu zaidi wa Uingereza.

Russell alizaliwa Wales mwaka 1872 katika familia ya kitajiri. Babu yake aliwahi kuwa waziri mkuu. Utajiri haukumkinga na misiba: kabla hajafikisha miaka minne alikuwa amepoteza mama, dada na baba. Akalelewa na bibi yake, na baadaye akaenda kusoma hisabati Chuo cha Trinity, Cambridge.

Fumbo lenyewe

Fikiria orodha ya orodha zote zisizojitaja. Je, yenyewe imo ndani?

Ikiwa imo, basi inajitaja, kwa hiyo haistahili kuwemo. Ikiwa haimo, basi haijitaji, kwa hiyo inapaswa kuwemo. Ukienda huku unakwama, ukienda kule unakwama.

Russell aliliona fumbo hili kwenye makundi ya vitu, ambayo ndiyo yalikuwa msingi wa hisabati ya wakati huo. Juni 1902 alimwandikia barua Mjerumani Gottlob Frege, aliyekuwa ametumia miaka mingi kujenga hesabu juu ya msingi huohuo. Juzuu ya pili ya kitabu cha Frege ilikuwa tayari kwa mchapaji. Frege hakuficha kitu. Aliongeza sehemu mwishoni, akakiri kwamba msingi wake una ufa.

Dawa: kila kitu na aina yake

Kubomoa ni rahisi, kujenga upya ndiyo kazi. Mwaka 1908 Russell alichapisha nadharia kamili ya aina. Wazo lake ni hili: vitu vina ngazi. Kundi lazima liwe ngazi ya juu kuliko vitu vilivyomo, kwa hiyo haliwezi kujibeba lenyewe. Fumbo likafungiwa mlango.

Yeye na Alfred North Whitehead waliitumia kuandika Principia Mathematica, juzuu tatu zilizotoka kati ya 1910 na 1913. Kufikia kuonyesha kwamba 1 + 1 = 2 kulichukua zaidi ya kurasa 300! Faida? Hakuna. Kila mmoja alitoa pauni 50 mfukoni ili kitabu kichapishwe.

Baadaye akawa mpinga vita. Trinity ilimfukuza kazi mwaka 1916, na mwaka 1918 alifungwa jela ya Brixton. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Kompyuta yaingia

Mwaka 1956, watafiti wa Marekani Allen Newell, Herbert Simon na Cliff Shaw walitengeneza programu ya kuthibitisha kanuni za Principia. Kati ya kanuni 52 za mwanzo za sura ya pili, iliweza 38. Lugha waliyoiandikia ilitunza taarifa kwa njia ya orodha. Simon alimpasha habari Russell, na mzee akafurahi.

Russell alifariki Februari 2, 1970, akiwa na miaka 97.

Leo je?

Lugha za programu zinazothibitisha hisabati, kama Lean na Rocq (zamani Coq), zinafuata njia aliyoifungua. Ndani yake orodha inaelezwa kwa kanuni mbili tu: ama ni tupu, ama ni kitu kimoja kilichowekwa mbele ya orodha nyingine ya aina hiyohiyo.

Ukitangaza orodha ya namba halafu ukajaribu kuchomeka jina la mtu, mashine inakataa hapohapo, kabla programu haijaanza kufanya kazi. Unaweza hata kuandika urefu wa orodha ndani ya aina yake. Hapo, anayetaka kuchukua kitu cha kwanza kwenye orodha tupu hapiti.

Na aina zenyewe? Nazo zimepangwa kwa ngazi, 0, 1, 2 na kuendelea, ili aina isijimeze yenyewe. Zikichanganywa ngazi, fumbo la namna ileile linarudi, na mashine inaweza kuthibitisha hata uongo. Yaani kilichomkuta Frege kingeikuta kompyuta.