Denis Burkitt: Mpasuaji wa Mulago Aliyefuatilia Uvimbe wa Taya

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Haukuwa usaha, wala haukufanana na saratani alizozizoea. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimkuta mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Kwa wagonjwa hao kisu hakikuwa na msaada mkubwa. Wengi walifariki katika muda wa miezi michache.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, akapoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka 11. Alisomea udaktari Dublin na kuanza kazi Uganda mwaka 1946. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Jibu lilijichora kwenye ramani: ugonjwa ulikuwapo penye joto na mvua, ukatoweka kwenye nyanda za baridi. Yalikuwa ndiyo maeneo ya malaria.

Mwaka huohuo mhadhara wake jijini London ulisikilizwa na Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona ndani ya seli zake virusi vya jamii ya herpesi.

Virusi hivyo hukaa katika miili ya watu wazima walio wengi duniani, kwa kawaida bila madhara. Hujificha ndani ya limfosaiti B, na huweza kutengeneza protini zinazoisukuma seli igawanyike na kuizuia isijiue, jambo ambalo seli iliyoharibika hupaswa kulifanya. Malaria ya mara kwa mara huchochea wingi wa seli hizo na kudhoofisha kinga inayozidhibiti. Saratani huja pale kromosomu mbili zinapobadilishana vipande, na jeni la MYC, linalochochea ukuaji, likabaki bila breki. Kuambukizwa pekee, basi, si hukumu.

Uganda haikuwa na tiba ya mionzi, hivyo Burkitt alijaribu dawa, zikiwamo methotrexate na cyclophosphamide. Baadhi ya watoto walipona kabisa, matokeo ya nadra kwa saratani yoyote wakati ule.

Alirejea Uingereza mwaka 1966 na kufariki huko mwaka 1993. Mwaka 1967, palepale Mulago, kilifunguliwa kituo cha kutibu uvimbe huo, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.