Bengt Sundkler: Mwanahistoria aliyekiri kukosea, askofu aliyeachia kiti

JUMAPILI asubuhi katika kata ya Nyamisangura, mjini Tarime, mpita njia hupishana na waumini wa kila namna. Wapo Wakatoliki na Wamenonaiti, wapo pia wale wavaao kanzu nyeupe zilizoshonewa msalaba. Makanisa mengi ya hawa wa mwisho yana asili yake ng'ambo ya mpaka, Nyanza nchini Kenya, ambako Waafrika walianza kujiundia makanisa yao wenyewe mwanzoni mwa karne ya 20, bila kungoja ruhusa ya mmisionari yeyote.

Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya hawakuyahesabu makanisa ya namna hiyo kuwa sehemu ya historia. Kwao yalikuwa ni uasi, au kichekesho. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengine kuubadili mtazamo huo, na ambaye kwanza alilazimika kuubadili wa kwake mwenyewe, ni Profesa Bengt Sundkler wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Wakazi wa upande wa pili wa Ziwa Victoria walimjua kwa cheo kingine: alikuwa askofu wao.

Sundkler alizaliwa Mei 7, 1909 katika jimbo la Västerbotten, kaskazini mwa Uswidi. Alisomea teolojia na historia Uppsala, na mwaka 1937 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti uliohusu chama cha misheni cha nchi yake kati ya mwaka 1835 na 1876. Ilikuwa kazi ya makabrasha: barua, mihtasari ya vikao na hesabu za michango ya Wazungu waliotaka kuwapelekea wengine Injili. Mwafrika hakuwa na nafasi kubwa katika kurasa hizo.

Mwaka huohuo wa 1937 alikwenda Afrika Kusini akiwa mmisionari wa Kanisa la Uswidi, akapangiwa kazi miongoni mwa Wazulu. Huko alikuta jambo ambalo makabrasha ya Uppsala hayakumwandaa nalo. Kila alikokwenda kulikuwa na makanisa ambayo hayakuwa chini ya misheni yoyote. Manabii wake waliponya wagonjwa kwa maombi, walibatiza mitoni, walikataza dawa na nguruwe, na walivuta watu ambao misheni ziliwaona kuwa ni wao. Isaya Shembe, aliyekuwa maarufu kuliko wote, alikuwa amefariki dunia mwaka 1935, lakini Kanisa lake la Wanazareti liliendelea kustawi chini ya mwanawe, Johannes Galilee Shembe.

Wamisionari wengine waliwakimbia watu hawa au waliwashtaki kwa serikali. Sundkler aliwafuata na daftari. Aliketi katika ibada zao, aliwahoji viongozi wao na kuandika habari za ndoto zao, kwa kuwa aligundua mapema kwamba kwa waumini hao ndoto ilikuwa na uzito sawa na barua ya wito.

Matokeo yake ni kitabu kilichotoka mwaka 1948, Bantu Prophets in South Africa, ambacho kilimjengea jina duniani. Ndani yake alionesha kwamba makanisa hayo, ambayo tayari yalihesabika kwa mamia na ambayo aliyaorodhesha kwa majina, hayakuzuka hewani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imewanyang'anya Waafrika haki ya kumiliki sehemu kubwa ya nchi yao, na ubaguzi wa rangi ulikuwa umeingia hadi mimbarini. Mtu asiyekuwa na ardhi wala sauti, alisema mwanahistoria huyo, alikuwa amebakiwa na mahali pamoja tu pa kuwa kiongozi: kanisa lake mwenyewe. Ikumbukwe kwamba kitabu hicho kilitoka mwaka uleule ambao chama cha makaburu kilishika madaraka na kuanza kujenga utawala wa apathaidi.

Aliyagawa makanisa hayo katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni yale aliyoyaita ya Kiethiopia, yaliyojitenga na misheni kwa sababu ya uongozi na rangi huku yakibaki na ibada zilezile. La pili ni ya Sayuni, yenye manabii, uponyaji na kanzu. Mgawanyo huo ulitumiwa na watafiti kote barani kwa miaka mingi baadaye, wakati mwingine hata mahali ambapo haukufaa.

Lakini kitabu hicho kilikuwa na kasoro moja kubwa, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyokumbukwa kuliko mengine yote. Sundkler alihitimisha kwamba makanisa ya Sayuni, mwisho wa yote, yalikuwa daraja la kuwarudisha Waafrika katika dini ya mababu zao. Hukumu hiyo ilinukuliwa na kila aliyetaka kuyabeza makanisa ya Waafrika, na kwa kuwa ilitoka kwa mtu aliyeyajua kwa karibu, ilikuwa na nguvu ya ushahidi.

Wakati anaiandika, Sundkler alikuwa tayari ameishi mahali pengine palipoanza kumsumbua mawazo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wamisionari wa Kijerumani wa Betheli waliokuwa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, waliondolewa na Waingereza na kuwekwa kizuizini. Waswidi waliombwa kuziba pengo, na mwaka 1942 Sundkler alihamishwa kutoka Zululand hadi Bukoba. Alikaa hadi mwaka 1945.

Kilichomshangaza Bukoba ni jinsi Kanisa la Kiinjili lilivyoanza. Wajerumani wa Betheli walifika mwaka 1910, lakini hawakuwa wa kwanza. Kabla yao, vijana wa Kihaya waliokwenda Buganda walikuwa wamejifunza kusoma huko na kurudi na vitabu. Walikutana wakasoma na kusali, wakati mwingine kwa siri, bila mchungaji na bila bodi ya misheni. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Andrea Kajerero. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, ni wenyeji hao waliobeba mzigo wa usharika. Kwa maneno mengine, mmisionari alipofika alilikuta kanisa, na alipoondoka aliliacha likiwa linaendelea.

Kwa mwanahistoria aliyeanza na mihtasari ya vikao vya chama cha misheni, hilo halikuwa jambo dogo. Kama Injili ililetwa Buhaya na vijana wasafiri, basi historia yote ya Kanisa Afrika ilihitaji kuandikwa upya, kwa kuanza na watu ambao majina yao hayamo katika ripoti zilizotumwa Ulaya.

Baada ya vita alifanya kazi ya utafiti katika Baraza la Kimataifa la Misheni, na mwaka 1949 aliteuliwa kuwa profesa wa historia ya Kanisa na misheni Uppsala. Alishika kiti hicho hadi mwaka 1974. Aliandika juu ya muungano wa makanisa ya India Kusini, juu ya maisha ya Askofu Mkuu Nathan Söderblom aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1930, na juu ya uchungaji katika Afrika, kitabu cha mwaka 1960 ambamo ndoto za wachungaji na wanafunzi wa teolojia zilipewa tena nafasi ya heshima.

Watafiti wa Tanzania wana sababu ya kuikumbuka pia mfululizo wa vitabu alivyoviasisi Uppsala mwaka 1956. Humo ndimo zilimochapishwa kazi ya Carl-Johan Hellberg kuhusu misheni za magharibi mwa Ziwa Victoria (1965), ya Sigvard von Sicard kuhusu Walutheri wa pwani ya Tanzania na ya Marja-Liisa Swantz kuhusu mila za Wazaramo (zote mbili mwaka 1970). Anayeisaka historia ya maeneo hayo leo bado hulazimika kuvipitia.

Mwaka 1961, Tanganyika ikielekea Uhuru, Kanisa la Kiinjili la Buhaya lilimwita Sundkler arudi awe askofu wake wa kwanza. Yapo yanayoweza kuhojiwa hapa. Mtu aliyefundisha kwamba Kanisa la Bukoba lilianzishwa na Wahaya alikuwa sasa akikalia kiti cha juu kabisa cha Kanisa hilo, mwaka uleule ambao gavana wa kikoloni alikuwa akifungasha mizigo. Alikuwa Mzungu, na alikuwa na kazi yake ya kudumu Uppsala.

Pengine yeye mwenyewe aliliona hilo, kwani hakukaa sana. Katika kipindi chake, Juni 19, 1963, makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambalo leo ni KKKT. Mwaka 1964 aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Josiah Kibira, Mhaya aliyekulia katika uamsho wa Walokole. Kibira alikuja kuchaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, akiwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Hata upande wa Mara mambo yalikwenda hivyohivyo: Wamenonaiti, waliofika Shirati kutoka Marekani mwaka 1934, walimpata askofu wao wa kwanza Mtanzania, Zedekia Kisare, mwaka 1967.

Miaka mitatu ya uaskofu ilimzalia Sundkler kitabu alichokipa jina la Bara Bukoba, kilichotoka kwa Kiswidi mwaka 1974 na kwa Kiingereza mwaka 1980. Jina lenyewe lina mchezo ndani yake. Kwa Kiswidi, neno bara maana yake ni "tu", yaani Bukoba tu, wala si kwingine. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa maana ya upande wake. Ni historia ya eneo moja, Kanisa likiwa ndani ya jamii yake.

Na lile daraja? Toleo la pili la kitabu cha manabii lilitoka mwaka 1961, na humo Sundkler alianza kuirekebisha hukumu yake. Mwaka 1976 alichapisha kitabu kingine kizima, Zulu Zion, akiwarudia watu walewale baada ya karibu miaka 40. Alifuatilia mizizi yao hadi mji wa Zion, karibu na Chicago nchini Marekani, ambako mwaka 1904 alitumwa mhubiri aliyebatiza waumini wa kwanza wa Sayuni huko Transvaal. Akaeleza jinsi Wazulu na Waswazi walivyoichukua mbegu hiyo ya kigeni na kuifanya yao. Safari hii aliwaandika kama Wakristo wenye furaha, nyimbo na uponyaji. Alikubali waziwazi kwamba mwaka 1948 aliwapima kwa mizani isiyokuwa yao.

Wapo waliosema marekebisho hayo yalichelewa, na hawakukosea kabisa. Toleo la kwanza lilikuwa limekwisha kuenea, na hukumu yake iliendelea kurudiwa na waliokuwa hawajasoma yaliyofuata. Hata hivyo, si kawaida kwa msomi ambaye kitabu chake kimoja kimemfanya maarufu kutumia uzee wake kukipinga.

Kazi ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote: historia ya Kanisa katika Afrika nzima. Alitaka iwe historia ambayo ndani yake wahusika wakuu ni Waafrika: wakimbizi, vibarua wa migodini, wafalme na vijana wa kusoma kama wale wa Buhaya. Hakuimaliza. Alifariki dunia Aprili 5, 1995, akiwa na umri wa miaka 85.

Mwanazuoni aliyefanya naye kazi, Christopher Steed, aliikamilisha miswada hiyo, na mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Cambridge kikaichapisha ikiwa na zaidi ya kurasa 1,200. Simulizi yake inaanzia Misri na Ethiopia, karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Wareno kutia nanga katika pwani ya Afrika.